Ukuta wa Gede: Ngome au Mpaka?

Yapata kilomita 15 kusini ya Malindi, ndani ya msitu, yamo magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliostawi hasa katika karne ya 15. Kaburi lake mojawapo lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Mji ulikuwa na kuta mbili. Ule wa nje, wenye kimo cha futi 9 hivi, ulizingira eneo la eka 45. Ule wa ndani, wa karne ya 16, ulikumbatia msikiti mkuu, jumba la kifalme na nyumba za wakubwa.

James Kirkman, aliyeanza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948, alihusisha kudidimia kwa Gede na vita: msafara wa Mombasa dhidi ya Malindi mwaka 1529, Wazimba mwaka 1589, na baadaye Waoromo. Alitaja pia kupungua kwa maji visimani. Mwenye kushika sababu ya vita peke yake huona katika ukuta ngome tu. Lakini ukuta wa nje una unene wa inchi 18 hivi. Haulingani kamwe na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593.

Hapa lugha yaweza kuwa shahidi. Ngome ni jengo la vita. Boma ni wigo wa miti au mawe uzungukao makazi. Neno hilo baadaye likawa jina la ofisi ya serikali ya kikoloni. Kaya ya Wamijikenda ni makazi yaliyofichwa msituni, yenye njia na malango yake: ni kimbilio, na papo hapo ni mpaka wa heshima na mila. Ukuta wa Gede waelekea kuwa na kazi hizo mbili pia: kumzuia adui, na kumtenga mwungwana na wakazi wa vibanda vya udongo.

Hili si suala la istilahi tu. Gede iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, baada ya misitu ya kaya mwaka 2008. Atakayeuelezea ukuta huo kwa Kiswahili na kuuita ngome, atakuwa amekwisha kutoa hukumu: kwamba historia ya mji huo ni historia ya maadui zake. Neno ukuta lawaachia wenyeji nafasi yao.