Gitaa Moja na Sauti Moja: Mwenda Jean Bosco na Ufundi wa Santuri Zake

Utangulizi

Kabla ya kaseti kuenea Afrika ya Mashariki, wimbo ulisafiri kwa santuri. Sahani hizo nyeusi, nzito na nyepesi kuvunjika, zilizungushwa kwenye gramafoni mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika zipatazo tatu tu. Miongoni mwa waimbaji ambao sauti zao zilifika mbali kwa njia hiyo ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, mtunzi aliyeimba kwa Kiswahili huku akijipigia gitaa mwenyewe.

Nyimbo zilizompatia jina hazikuwa za ibada. Hata hivyo, habari zake zinastahili nafasi katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka 100. Vitabu vya namna hii husimulia kwa urefu habari za majengo, viongozi na mipaka ya sharika, lakini nyimbo hupita humo kama upepo: zinajulikana na wote, wala haziulizwi zilitoka wapi, nani alizitunga, na zilimgharimu nini. Maisha ya Mwenda yanatupa nafasi ya kuyatazama mambo hayo kwa mtu mmoja aliye na jina, mahali na mwaka.

Asili ya Mwimbaji

Mwenda alizaliwa mwaka 1930, katika kabila la Wayeke, na katika miaka yake ya baadaye alipenda kujiita Mwenda wa Bayeke. Kabila hilo lina undugu na watu wa Tanzania ya leo. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kisumbwa na Kinyamwezi walivuka kuelekea magharibi wakitafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, alijenga ufalme wake huko Katanga, na makao yake makuu yakawa Bunkeya. Msiri aliuawa mwezi Desemba mwaka 1891 na msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na nchi yake ikaingizwa katika Kongo. Lakini lugha ya njia za biashara, yaani Kiswahili, haikuondoka.

Shaba ileile iliyowavuta Wayeke iliwavuta Wazungu. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na migodi yake ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Watu waliotoka nchi nyingi namna hiyo walihitaji lugha moja ya kazini, sokoni na nyumbani, nacho Kiswahili cha Katanga, chenye maneno ya Kibemba, Kiluba na Kifaransa ndani yake, kikaichukua nafasi hiyo. Katika kambi na mitaa ya miji hiyo ndimo gitaa lilimopata wapigaji wake. Hapakuwa na shule ya kulifundisha. Kijana aliketi karibu na mwenzake anayejua, akautazama mkono wake, akarudi nyumbani na kujaribu, na kesho yake akaenda kutazama tena.

Mwenda alikulia katika mazingira hayo. Nyimbo za watunzi wa Katanga zilisimulia mapenzi na ndoa, fedha na ukosefu wake, ulevi, misiba, na mashaka ya mtu aliyehama kijijini akafika mjini. Zilikuwa nyimbo za kuketi na kusikiliza, kwa maana msikilizaji alitakiwa ayapate maneno.

Gitaa Lililofanya Kazi ya Watu Watatu

Anayesikia santuri za Mwenda kwa mara ya kwanza hudhani kwamba wapigaji ni wawili. Ukweli ni kwamba ni mtu mmoja na vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilizichukua nyuzi nene na kuweka mwendo wa chini, nacho kidole cha shahada kilizichukua nyuzi nyembamba na kupiga sauti ya juu. Jambo gumu halikuwa wepesi wa vidole. Ugumu ulikuwa kwamba kila kidole kilitakiwa kuwa na mwendo wake: cha juu kikitangulia au kuchelewa kidogo, cha chini kikae mahali pake bila kuyumba. Juu ya hayo yote, mwimbaji alitakiwa aimbe, tena sauti yake isiburutwe na kidole kimoja wala kingine.

Ufundi huo haukuanza na gitaa. Mtu aliyekulia penye marimba na ngoma za Afrika ya Kati amezoea tangu utotoni kusikia milio miwili au mitatu ikipishana na kuungana. Gitaa la kigeni lilipofika mikononi mwake, alilitia akili ileile. Lilikuwa gitaa kavu, lisilo na umeme, la kuuzwa dukani. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyotoa santuri zenye nembo ya Gallotone, iliuza pia magitaa yenye jina hilo, na ndiyo maana hadi leo wako watu Tanzania wanaoliita gitaa kavu kwa jina la galatoni.

Mtaalamu wa muziki David Rycroft alizisikiliza santuri za Mwenda pigo kwa pigo, akaziandika kwa nota na kuchapisha uchunguzi wake katika miaka ya 1961 na 1962. Alionyesha kwamba mwimbaji huyu hakurudia tu kipande kimoja alichokariri. Alikuwa na mzunguko mfupi wa msingi, na kila ulipojirudia aliugeuza kidogo: hapa akiongeza sauti, pale akiiacha, mahali pengine akibadilisha mwendo wa kidole gumba. Ni sawa na msimulizi mzuri wa hadithi, ambaye kisa chake hakibadiliki, lakini hakisimulii kwa maneno yaleyale mara mbili.

Mashine na Wakati

Mwezi Februari mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey, aliyefanya makao yake Afrika Kusini, alifika katika mji wa Jadotville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Tracey alikuwa amejitolea kuzunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji. Alisafiri na gari lenye mitambo, jenereta na nyaya ndefu, ili jenereta iwekwe mbali na mngurumo wake usiingie katika utepe. Alimkuta Mwenda mtaani akipiga gitaa, akamrekodi.

Ni vema kueleza kurekodi kwa siku zile kulivyokuwa. Siku hizi sauti ya mwimbaji hunaswa peke yake, gitaa peke yake, kisha fundi huviunganisha na kusahihisha palipokosewa. Mwaka 1952, katika safari kama ile, mambo hayo hayakuwapo. Sauti na gitaa viliingia pamoja kwa wakati mmoja. Mwimbaji akikosea, wimbo wote ulianza upya. Uwiano kati ya maneno na nyuzi haukupatikana kwa kugeuza vifundo baadaye. Ulitokana na mahali kinasa sauti kilipowekwa. Tracey alijulikana kwa kukishika kifaa hicho mkononi na kukisogeza kwa kufuata muziki, akikipeleka karibu na sauti aliyotaka isikike. Kwa hiyo ufundi katika santuri hizo ulikuwa wa watu wawili: mmoja alipiga na kuimba, mwingine alijua aelekeze sikio la mashine wapi.

Santuri nayo ilikuwa na sheria yake. Mbele ya rafiki zake, mwimbaji aliweza kuuendeleza wimbo kadiri waliomzunguka walivyopenda. Angeweza kumtaja aliyeingia, kuongeza ubeti, au kuliacha gitaa liseme peke yake kwa muda mrefu. Mbele ya kinasa sauti alipewa dakika tatu. Alilazimika kuchagua: ubeti upi uingie, upi uachwe, gitaa lianze peke yake kwa muda gani, na wimbo umalizike bila kukatwa ghafla. Katika dakika hizo tatu hatusikii wimbo wote. Tunasikia uamuzi wa mtunzi juu ya kilicho cha lazima katika wimbo wake.

Safari ya Wimbo

Kati ya nyimbo alizorekodi wakati huo, uliovuma kuliko zote ni Masanga, uliopewa tuzo ya Osborn ya muziki wa Afrika kwa mwaka 1952. Wimbo mwingine uliojulikana sana ni Bombalaka. Santuri zilizotolewa na Gallo zilisambaa Kongo, Rhodesia na Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alifika Nairobi, ambako alipiga muziki na kusikika redioni. Wapigaji wa gitaa kavu wa Kenya, hasa wa magharibi, waliusikiliza mtindo wa Katanga kwa makini, wakauchanganya na nyimbo za kwao. Wakati huohuo binamu yake, Edouard Masengo, naye alijipatia jina Nairobi.

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani na kupiga katika tamasha la nyimbo za kienyeji la Newport. Kijana wa mitaa ya Jadotville alisimama mbele ya watu wasiojua Kiswahili, na gitaa lake likaeleweka. Tangu hapo wapigaji wa Ulaya na Marekani wamejifunza Masanga kwa kuisikiliza santuri ile, kama vile vijana wa Katanga walivyojifunza kwa kuutazama mkono wa mwenzao. Tofauti ni moja: kijana aliyetazama mkono alijifunza njia ya kuubadilisha wimbo, lakini aliyejifunza kwa santuri mara nyingi alikariri upande mmoja wa sahani kana kwamba wimbo haukuwahi kupigwa kwa namna nyingine.

Umaarufu huo haukumwondolea haja ya kutafuta riziki kwa njia nyingine. Muziki haukuwa kazi yake pekee. Alifanya pia kazi za ofisini. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akawakuta Mwenda na wenzake wangali wakipiga, na akaandika kitabu juu ya safari hiyo kilichotoka mwaka 1982. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi nyimbo zake tena huko Cape Town, safari hii ndani ya studio. Mwaka 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Nani Alichaguliwa, Nani Alisahauliwa

Historia hii ina upande ambao haufai kufichwa. Mwenda hakuwa mpiga gitaa pekee katika Jadotville. Tulivyo na santuri zake ni kwa sababu mtu mwenye mashine alipita, akamsikia, na akapenda alichosikia. Tracey alifanya kazi kubwa. Maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954 ingali inatunzwa Afrika Kusini, na bila yeye sauti nyingi zingekuwa zimetoweka. Lakini alikuwa na mapendeleo yake. Alitafuta muziki alioona kuwa ni wa Kiafrika halisi, na hakuvutiwa na nyimbo zilizoiga mno za kigeni. Kwa hiyo kilichohifadhiwa ni kile kilicholipendeza sikio lake, na ambao hawakukutana naye walikwenda na nyimbo zao.

Jambo la pili ni jina. Jina la Mwenda liliandikwa kwenye sahani, na kwa hiyo miaka zaidi ya 70 baadaye anaweza kutajwa. Wengi hawakupata hata hilo. Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa kitabu hiki umo katika Kanisa lenyewe. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" uliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisomea uchungaji Makumira. Ulrich Leupold aliutolea maneno ya Kijerumani mwaka 1969, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Ujerumani, namba 116. Nchi iliyotuletea nyimbo zake inaimba wimbo wetu siku ya Ufufuo. Jina la aliyeandika maneno limehifadhiwa. Lakini kuhusu sauti yake, kitabu husema tu kwamba inatoka Tanzania. Yuko mtu aliyeiimba sauti hiyo kwa mara ya kwanza, na jina lake halimo.

Hitimisho

Kila usharika wenye miaka 100 una watunzi wake: mwalimu wa kwaya aliyetunga usiku akafundisha kesho yake, mama aliyeanzisha pambio kwenye msiba likaenea jimbo zima, mwinjilisti aliyeipa sauti ya kwao Zaburi aliyoipenda. Kwaya nyingi zilirekodi kaseti, na kaseti hizo zimo katika masanduku na makabati, utepe wake ukishikana na maandishi ya kifuniko yakififia. Mara nyingi kifuniko kina jina la kwaya na picha ya waimbaji, lakini mtunzi hatajwi.

Hugh Tracey alihitaji gari zima la mitambo ili anase wimbo mmoja. Leo kazi hiyo inafanywa na simu iliyo mfukoni mwa kijana yeyote wa kwaya. Kinachobaki ni kile ambacho mashine haiwezi kufanya peke yake: kwenda kwa mzee angali na sauti, kumwomba aimbe wimbo kama alivyoutunga na si kama unavyoimbwa sasa, kumwuliza alijifunza kwa nani, na kuandika jina lake, mahali na mwaka. Kazi hiyo ifanywe katika mwaka huu wa yubile, wakati wazee waliozifahamu kwaya za kwanza wangalipo.