Toki konvata inapofunga: gari la otomatiki nje ya jamu ya Kampala

Toyota Wish ya kizazi cha kwanza, ile ya lita 1.8, ina gia nne tu. Ikiendeshwa kwa mguu mwepesi kwenye barabara ya kasi kutoka Busega kuelekea Entebbe, sindano ya mizunguko ya injini hushuka mara tatu, gari linapoingia gia ya pili, ya tatu na ya nne. Kisha, mwendo ukiwa umetulia kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa, sindano hushuka tena: kidogo tu, kama mizunguko 200 au 300, pasipo mshtuko wowote. Gia ya tano haipo. Kilichotokea ni toki konvata kufunga. Dereva ambaye safari zake zote ni za kati ya Wandegeya na Kibuye anaweza kukaa na gari miaka asilione jambo hili, kwa kuwa jamu haimruhusu kufika kasi hiyo.

Toki konvata hukaa kati ya injini na giaboksi, pale ambapo gari la gia za mkono huwa na klachi. Ni chombo cha chuma cha mviringo, kimejaa mafuta ya giaboksi, na ndani yake mna magurudumu matatu yenye mapanga. La kwanza ni pampu, lililoungwa na injini. La pili ni turbini, lililoshikana na shafti inayoingia kwenye giaboksi. Kama maji ya Mto Nile yanavyozungusha mitambo ya Nalubaale kule Jinja, mafuta yanayorushwa na pampu huzungusha turbini, wala chuma hakigusi chuma. Gurudumu la tatu, dogo, liko katikati: hugeuza mafuta yanayorudi kutoka kwenye turbini ili yaisukume pampu badala ya kuipinga. Gari linapoondoka, msaada huo huweza kuongeza nguvu ya kuzungusha hadi kama mara mbili, na ndiyo maana otomatiki yenye injini ndogo hupanda Muyenga bila kusuasua.

Msaada huo una mwisho. Turbini ikifikia takriban sehemu tisa kati ya kumi za kasi ya pampu, nyongeza ya nguvu huisha na gurudumu la kati huzunguka huru. Hata hivyo turbini haiifikii pampu kabisa. Tofauti ndogo hubaki daima, na tofauti hiyo ni petroli inayogeuka joto ndani ya mafuta.

Hermann Föttinger, mhandisi Mjerumani aliyekuwa kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alipata hataza ya mfumo huu mwaka 1905. Shida yake ilikuwa mitambo ya mvuke iliyozunguka haraka kuliko rafadha ya meli ilivyohitaji. Hasara ya mafuta kuteleza iliendelea hadi kwenye magari. Packard walitia klachi ya kufunga kwenye giaboksi yao ya Ultramatic mwaka 1949, lakini petroli ya Marekani ilikuwa rahisi na wengi hawakujali. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973 hesabu ilibadilika: Chrysler walirudisha kufunga mwaka 1978, na watengenezaji wengine wakafuata.

Klachi yenyewe ni sahani yenye bitana ya msuguano, iliyo kati ya turbini na ukuta wa toki konvata. Mafuta yakiingia upande mmoja huisukuma sahani mbali na ukuta. Valvu ikigeuza njia yao, sahani hubanwa ukutani, na injini na giaboksi huzunguka kama kitu kimoja. Valvu hiyo huendeshwa na solenoidi, na solenoidi hupewa amri na kompyuta ya gari.

Hapo ndipo kesi nyingi za gereji huanza, kwa sababu kompyuta haiangalii giaboksi peke yake. Inataka gari liwe kwenye gia ya juu na mwendo uwe wa kutosha. Inataka mguu uwe mwepesi kwenye eksileta. Inataka breki isiwe imeguswa, na maji ya injini yawe yamepata joto.

Hilo la joto linatuhusu sana. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hung'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi hizi zina joto. Lakini Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zake ni za baridi kiasi. Gari lisilo na thamostati likikimbia alfajiri, upepo hupoza rejeta haraka kuliko injini inavyojipasha. Kompyuta huhesabu kwamba injini bado baridi na kukataa kufunga. Kwenye Toyota nyingi hukataa hata gia ya juu kabisa. Mwenye gari anasikia injini ikilia na kuona petroli ikiisha mapema, kisha anashauriwa kutafuta giaboksi iliyotumika kwenye soko la vipuri la Kisekka, wakati kilichokosekana ni kipuri cha bei ndogo kinachokaa kwenye injini. Kabla ya giaboksi kushushwa, mimi ningeuliza kwanza kuhusu thamostati, kisha swichi ya taa za breki. Swichi iliyokwama huiambia kompyuta kwamba dereva anashika breki muda wote, na kufunga hakutokei.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Kwenye barabara tambarare iliyo wazi, gari likienda kilomita 80 kwa saa, gusa pedeli ya breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, huku mguu wa kulia ukibaki palepale. Kama toki konvata ilikuwa imefunga, sindano itapanda kidogo papo hapo, na ukiachia breki itashuka tena baada ya muda mfupi. Isiposogea, haikuwa imefunga. Jambo hilohilo hutokea kwenye vilima vya barabara ya Masaka: ukikanyaga mafuta ili upande, klachi hufunguka na mizunguko huongezeka kwa 200 au 300. Wengi huliita hilo gia kuteleza, na mara nyingi si kweli. Gia inayoteleza huipandisha sindano mfululizo huku mwendo wa gari ukibaki uleule.

Ugonjwa halisi wa klachi hii ni mtetemo. Kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, kwa mguu mwepesi, gari hutikisika kama sekunde mbili tatu kana kwamba lipo juu ya matuta madogo, kisha hutulia. Wengi hudhani injini ndiyo inayokosea, na plagi hubadilishwa bure. Mtetemo ukikoma mara breki inapoguswa, mshukiwa ni bitana au mafuta. Giaboksi za kisasa huiacha klachi iteleze kidogo kwa makusudi ili kumeza mitikisiko ya injini, na utelezi huo hutegemea dawa za msuguano zilizomo kwenye mafuta. Toyota inayotaka mafuta ya aina ya WS haifai kupewa ya T-IV, na inayotaka mafuta ya CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua, haifai kupewa lolote kati ya hayo. Rangi nyekundu haithibitishi chochote. Jamu nayo huharakisha uchakavu: gari likisimama kwenye D, turbini imesimama na pampu inakoroga mafuta, na nguvu yote inayokwenda huko inakuwa joto.

Sheria ya usalama barabarani ya Uganda, iliyorekebishwa 2018, inazuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15, kwa hiyo mengi ya magari yanayoingia sasa yana CVT. Hizo hufunga mapema sana, mara nyingi kabla ya kilomita 30 kwa saa, na katika foleni klachi hufunga na kufunguka mara nyingi. Solenoidi au valvu yake ikikwama upande wa kufunga, gari huzimika kila linaposimama kwenye taa, kama la gia za mkono ambalo dereva wake amesahau klachi. Likiwashwa kwenye N hunguruma vizuri. Likitiwa D huku breki imeshikwa, huzimika tena.