Madaktari Wasaidizi: Historia ya Kada Iliyofungiwa Mlango

Historia ya elimu ya utabibu nchini haielezwi kwa kuhesabu vyuo tu. Sharti tuulize: mtaalamu huyu aliandaliwa kumtumikia nani, na wapi?

Mkoloni alifikisha reli Mpanda kutoka Kaliua mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mkulima wa Inyonga na mvuvi wa Karema hawakuwamo katika hesabu hiyo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa zima lilikuwa na madaktari wazalendo 12. Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1963 na kuwa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, lakini kumpata daktari wa shahada akubali kukaa Mpanda lilikuwa jambo jingine.

Ndipo Serikali ilipochagua njia yake yenyewe. Mganga msaidizi aliyekwisha kufanya kazi miongoni mwa wananchi alirudishwa masomoni kwa miaka miwili, akatoka daktari msaidizi, mwenye ruhusa ya kupasua. Chama kilipoamua, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuelekeza fedha za afya vijijini, kada hii ndiyo iliyoshika kisu wilayani. Cheti chake hakikutambuliwa Ulaya. Kwa hiyo mabeberu hawakuweza kumnunua.

Wenye kasumba walimwita daktari nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wa hospitali za Mwanza na Kigoma (huyu wa pili ni jirani yetu), uliwajibu. Katika upasuaji mkubwa wa uzazi 1,072, madaktari wasaidizi walifanya 945, wenye shahada 127. Haikuonekana tofauti ya maana katika matokeo.

Hata hivyo mwishoni mwa miaka ya 2010 mafunzo hayo yalianza kufungwa. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Muhimbili, KCMC na Bugando zilikuwa zikitoa madaktari wengi zaidi, na daktari msaidizi mwenyewe alikuwa na lalamiko la haki: alifanya kazi ya daktari, lakini stashahada yake haikumfungulia njia nyepesi ya kufikia shahada. Kumwacha hapo milele kungekuwa unyonyaji. Kosa, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba wingi wa shahada mijini ni sawa na kuwapo kwa mpasuaji kijijini. Shahada haimpeleki mtu Mishamo; humpeleka huko mpango, nyumba ya mtumishi na nidhamu ya kazi.

Wahitimu wa kozi hiyo wanastaafu mmoja mmoja, wala hakuna darasa nyuma yao. Makada walio katika mabaraza ya madiwani ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika waitazame ikama ya kila kituo chenye chumba cha upasuaji: nani anapasua, na anastaafu mwaka gani.