Maji au Pamba: Mwegemeo wa Kisiasa katika Maandishi kuhusu Vita vya Maji Maji

Makala hii inachunguza mwegemeo wa kisiasa katika maandishi yanayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mjadala wa mwegemeo kwa kawaida huanzia kwenye maneno ya sifa na ya kashfa: nani ameitwa shujaa, nani ameitwa mwasi. Maneno hayo huonekana upesi, na msomaji makini hujihadhari nayo. Kisichoonekana upesi ni mahali ambapo mwandishi ameamua kuanzia habari yake. Anayeanza na dawa ya maji hafiki anakofika yule anayeanza na shamba la pamba.

Tangu 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani ya kusini. Watu waliitwa kulima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, wakati mashamba yao wenyewe yakisubiri, na malipo yalikuwa duni kiasi kwamba baadhi yao waliyakataa. Mwishoni mwa Julai 1905 wanakijiji wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa mipamba. Kitendo hicho kilijieleza chenyewe. Hata hivyo, Gavana Gustav Adolf von Götzen, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu vita hivyo, aliweka uzito mkubwa upande wa waganga na njama. Si vigumu kuona sababu. Iwapo chanzo ni uchawi, hakuna gavana wa kuulizwa. Iwapo chanzo ni pamba, sera iliyosababisha vita ni yake. Swali hilo halikuwa la wanazuoni tu. Bunge la Ujerumani lilivunjwa Desemba 1906 kwa sababu ya mvutano juu ya fedha za vita vya Afrika ya Kusini-Magharibi, na uendeshaji wa makoloni ukawa hoja kuu ya uchaguzi wa 1907.

Albrecht von Rechenberg, aliyempokea Götzen, alielekea upande wa sababu za kiuchumi. Yeye naye alikuwa na siasa yake: alitaka uchumi wa koloni utegemee zaidi mazao ya wakulima Waafrika, jambo lililomgombanisha na walowezi na gazeti lao la Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Inafaa kukiri, basi, kwamba mwegemeo haumpotezi mtu daima. Rechenberg aliikaribia kweli kwa sehemu kwa sababu kweli hiyo ilimfaa.

Kwa upande wa Kiswahili, gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa 1904 katika shule ya serikali mjini Tanga. Waliolichangia walikuwa hasa walimu, makarani na wanafunzi wa mfumo ule ule uliotoa watumishi wa utawala. Kumtaka mwandishi wa aina hiyo amkosoe akida kwa ajili ya shamba la pamba ni kumtaka amshtaki mwenzake wa darasani mbele ya mwajiri wao wote wawili. Katika mazingira hayo mtafiti asitafute uongo peke yake. Aorodheshe pia mambo ambayo hayakuweza kuandikwa.

Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ni mgumu zaidi kuuhukumu. Wapo wanaouweka haraka katika kapu la fasihi ya watii wa Mjerumani. Uamuzi huo unasahau kwamba utenzi huo ulichapishwa kwanza Ujerumani, mwaka 1933, kabla ya kutolewa tena 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Mshairi aliyekuwa akiishi chini ya washindi hakuwa na uhuru wa kuchagua upande kama alionao mhakiki wa leo.

Baada ya vita vya pili vya dunia upepo uligeuka. Desemba 1956 Julius Nyerere, akizungumza katika Umoja wa Mataifa, alivitaja vita hivi kama ukataaji wa haki ya mgeni kutawala. Katika miaka ya 1960 G. C. K. Gwassa na John Iliffe, wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, walikusanya kumbukumbu na masimulizi ya wazee, na pamba ikarudi mbele. Gwassa alikadiria waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wakati hesabu rasmi ya Wajerumani ilikuwa 75,000. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kubwa, ila nayo iliuliza maswali yake ikiwa na taifa akilini. Tafiti za baadaye, hasa za Jamie Monson na James Giblin, zimeonyesha ugomvi wa wenyeji kwa wenyeji, na zimekumbusha kwamba Waafrika wengi walipigana upande wa Wajerumani. Simulizi la umoja lilikuwa limewaacha nje.

Ajabu ni kwamba shaka kuhusu umoja huo ilikuwa imekwisha kuandikwa na mtunzi wa tamthilia. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, mganga anapopandwa na pepo anaahidi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka anashtuka kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa bwana mmoja angeondoka ili mwingine aingie. Mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa anazo sababu za kutoyaamini. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, kwa hiyo sehemu kubwa ya anayoyafanya jukwaani ni ubunifu. Mtafiti anayeitumia tamthilia hii kama ushahidi wa 1905 amekosea mlango. Anayetaka kujua mashaka ya wasomi wa Dar es Salaam miaka miwili baada ya Azimio la Arusha ana hati nzuri mkononi.