Kobalti ya Kongo

Kobalti ni metali ya betri za simu, kompyuta na magari mengi ya umeme. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Karibu na mji wa Kolwezi, pembeni mwa migodi ya kampuni kubwa, wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba na sururu, na mashimo hayo huporomoka na kuua. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza jinsi watoto wanavyookota, kuosha na kubeba mawe ya madini hayo. Kesi kuhusu utumikishaji huo wa watoto, iliyofunguliwa Marekani mwaka 2019 dhidi ya Apple, Google, Tesla na wengine ilikataliwa mwaka 2024 na mahakama ya rufaa, iliyoona kwamba kununua kobalti sokoni si kushirikiana na wanaotumikisha watoto. Uamuzi huo unaumiza, maana gari linalopunguza moshi Ulaya huacha vumbi na maji machafu Kongo. Lakini kuisusia kobalti hiyo kungewanyima maelfu ya familia riziki. Serikali ya Kongo nayo ina maslahi humo: mwaka 2018 iliitangaza kobalti kuwa madini ya kimkakati, ikapandisha mrabaha hadi asilimia 10.