Mirunda Iliyokuwa Mama

Mwaka 2015, kaskazini-mashariki mwa Brazil, wakunga na madaktari walianza kupokea watoto wenye vichwa vidogo mno. Virusi vya Zika, vyenye jina la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, vilikotambuliwa mwaka 1947, vilikuwa vimepenya kwenye mimba na kuziua seli zinazozaa nyuroni za ubongo. Inauma kukumbuka kwamba seli hizo zilikaa zaidi ya karne moja bila kupewa heshima ya uzazi.

Kosa lilianza kwa Wilhelm His, mtaalamu wa anatomia mjini Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1889 alieleza seli za mviringo zinazogawanyika ukingoni mwa uwazi wa maji ulio katikati ya ubongo wa mimba changa. Hizo akazipa uzazi wa nyuroni. Seli ndefu zilizosimama kando yake, nyembamba kama uzi, zilizonyooka kutoka kwenye maji hadi uso wa nje, akazihesabu ukoo mwingine, wa kushikilia tu. Simlaumu. Alitazama tishu iliyokwisha kufa, iliyokatwa na kutiwa rangi.

Huko Marekani, mwaka 1935, F. C. Sauer alieleza kuwa ya mviringo na ndefu ni seli moja kwa nyakati mbili: kiini hupanda, hushuka tena hadi ukingoni, seli hujiviringa, hugawanyika. Hata hivyo seli ndefu za hatua za baadaye za mimba ziliendelea kuitwa glia, yaani gundi. Mwaka 1972 Pasko Rakic, akichunguza vijusi vya kima, akaonyesha nyuroni changa zikizikwea kwenda mahali pake. Picha ya mirunda ikakamilika: miti ya kupandia mafundi, jengo likiisha inaondolewa.

Mwaka 2000, mjini Munich, Magdalena Götz na wenzake walizitenga seli hizo ndefu, nazo zikazaa nyuroni. Mwaka uliofuata Stephen Noctor, Arnold Kriegstein na wenzao walitia kwenye ubongo wa vijusi vya panya virusi vyenye jeni ya protini ing'aayo kijani, wakakata vipande vyembamba, wakavitunza vikiwa hai chini ya hadubini. Seli moja ndefu inang'aa, uzi wake umefika hadi juu. Kiini kinashuka. Inagawanyika bila kuuachia uzi. Kisha mtoto anaanza kuukwea uzi wa mama yake.