Rangi ya Ngozi kama Ishara katika Sanaa ya Misri ya Kale

Katika lugha ya Wamisri wa kale, neno *iwn* lilimaanisha rangi, na pia hulka ya mtu au kitu. Makala haya yanashikilia kwamba uwili huo wa maana unatusaidia kuisoma rangi ya ngozi katika sanaa yao: ni ishara inayofasiriwa kwa muktadha wake.

Tuanze na sanamu za Rahotep na mkewe Nofret, zilizofukuliwa Meidum mwaka 1871. Ni kazi za Nasaba ya Nne, yapata mwaka 2600 KK. Mume amepakwa wekundu wa kahawia, mke manjano hafifu. Tofauti hiyo hufasiriwa kwa kawaida kuwa ya kijinsia: mwanamume ni mtu wa shughuli za nje, juani, ilhali mwanamke wa hadhi ni mtu wa ndani. Hapa rangi inataja nafasi katika jamii.

Weusi nao una maana pana. Wamisri waliiita nchi yao *Kemet*, yaani nyeusi, jina ambalo wataalamu wengi hulihusisha na udongo ulioachwa na mafuriko ya Mto Naili. Jangwa liliitwa *Deshret*, nyekundu. Kwa hiyo weusi uliashiria rutuba na uhai mpya. Osiris, mungu aliyekufa akafufuka, huchorwa kwa rangi nyeusi au kijani. Vivyo hivyo, Malkia Ahmose-Nefertari huonekana mweusi katika makaburi ya Deir el-Medina, yaliyochorwa muda mrefu baada ya kifo chake, alipokuwa akiabudiwa kama mlinzi wa mafundi wa hapo.

Hata hivyo, katika kaburi la Seti I, Wamisri, Waasia, Wanubi na Walibya wanatofautishwa kwa rangi, nywele na mavazi. Huko rangi inabainisha watu wa mataifa mbalimbali.

Suala hili lina uzito. Katika kongamano la UNESCO lililofanyika Kairo mwaka 1974, Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walitetea asili ya Kiafrika ya ustaarabu wa Misri, na michoro ilikuwa sehemu ya mjadala. Kanuni ya muktadha haina budi kutumika kwa pande zote: ikiwa weusi wa Ahmose-Nefertari hauthibitishi peke yake rangi aliyozaliwa nayo, basi manjano ya Nofret pia hayawezi kuwa hoja ya kuitenga Misri na Afrika.